Maana ya "uhitaji" kwenye fomu ya skolashipu

Fomu nyingi za skolashipu zina sehemu inayouliza uhitaji wa mwombaji, na hapo ndipo vijana wetu wengi huanza kulia. Baba alifariki, mama hana kazi, tuko saba, kula yetu ya shida. Yote yaweza kuwa kweli, ila si hilo lililoulizwa. Kwa mfadhili, uhitaji ni hesabu ya kutoa: gharama yote ya mwaka mmoja chuoni, toa kile ambacho nyumba yenu inaweza kuchangia. Kinachobaki ndicho uhitaji.

Gharama yote ni karo, malazi, chakula, vitabu na nauli. Kwa hivyo uhitaji si tabia ya mtu, bali hubadilika kulingana na chuo. Kijana wa Likoni anayesoma Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor, Mombasa, na kulala kwao (feri ni bure kwa wa miguu, matatu ya ng'ambo ndiyo hulipwa) ana uhitaji mdogo kuliko mwenzake wa mtaa huohuo aliyeitwa Eldoret, hata kama mama zao wanauza samaki meza moja.

Usiuchanganye na ustahiki, yaani alama na vipaji. Ziko skolashipu za gredi tu, ziko za uhitaji tu, na nyingi hutaka vyote viwili. Basari ya CDF (mfuko wa jimbo la ubunge) au ya kaunti mara nyingi huziba pengo la karo tu, na pesa za HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoanza 1995, ni mkopo: utazirudisha. Hata serikali, katika mpango wake wa 2023 ambao umepelekwa mahakamani, iliwagawa wanafunzi wa vyuo vikuu kwa madaraja matano ya uhitaji, mchango wa familia ukianzia asilimia 5 ya karo hadi 40.

Wanaoomba vyuo vya Marekani wataikuta hesabu hiyohiyo ikiwa na makali zaidi. Vyuo vichache, Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vikiwemo, haviangalii uhitaji wa mwanafunzi wa kigeni vinapoamua kumpokea. Vingi vingine huuangalia, na kuomba pesa nyingi kwaweza kukupunguzia nafasi ya kuingia.

Sasa, kosa ninaloliona kila mwaka ni kuandika sifuri kwenye mchango wa familia. Nilikaa na binti wa jirani yangu Kisauni kujaza fomu, na mamake, anayeuza mahamri, akasema, "Andika sifuri, mwanangu. Ukiandika pesa wataona tunazo." Nikamwuliza, "Na barua ya chifu imesema nini, mama?" Imesema anauza mahamri. Basi msomaji wa fomu ana karatasi mbili zinazogombana, na akishatilia shaka moja atatilia shaka zote.

Tukakaa barazani tukahesabu. Mahamri 150 kwa shilingi 10 ni 1,500. Unga, nazi, sukari, mafuta na makaa hula 1,050. Zabaki 450, na kwa siku 26 za kazi ni 11,700 kwa mwezi. Chakula 8,000, stima na maji 1,200, wadogo wawili wa shule 1,500, kodi ya ardhi 500. Zinabaki 500, yaani 6,000 kwa mwaka. Mwaka mmoja wa chuo alichoitwa, pamoja na bweni na kula, ulikuwa 92,000. Uhitaji: 86,000. Mama akaitazama ile karatasi kitambo, kisha akasema hakujua kama makaa yanamla hivyo.

Dada mkubwa wa binti huyo yuko Saudia. Wengi humficha mtu kama huyo, na taarifa ya M-Pesa ikiombwa jina lake linajitokeza lenyewe. Tuliandika: hutuma akipata, mwaka huu mara tatu, jumla 18,000, zote zikaenda kwa dawa za bibi. Risiti za duka la dawa zilikuwepo, tukaziambatisha.

Barua ya kujieleza ikawa rahisi baada ya hapo, maana alikuwa na la kusema. Badala ya "natoka familia maskini" alianza na kuamka saa kumi alfajiri kumkandia mamake unga, kisha zile namba. Mimi naona namba huliza kuliko machozi, ila hapo pengine ni uhasibu wangu unaosema.

Palipotutatiza ni swali la nyumba: mnamiliki au mmepanga? Aliyetunga swali hilo hajakaa Mombasa. Nyumba ni yao, aliijenga babu, lakini ardhi ni ya mtu mwingine, na kila mwezi hulipa kodi ya kukalia udongo. Hapa kwetu nyumba bila ardhi ni jambo la kawaida. Kwa msomaji aliyeko Nairobi, "tunamiliki nyumba Mombasa" husomeka kama utajiri. Hatukutia alama mahali popote. Tuliandika pembeni mstari mmoja: kuta ni zetu, ardhi si yetu, haiwezi kuwekwa rehani. Risiti ya mwenye ardhi tukaibana nyuma kwa pini.