Hiyo 200 kwenye tairi siyo kibali cha barabarani

Wiki iliyopita kaingia kijana wa tatu ndani ya mwezi mmoja, Altezza nyeusi imeshushwa mpaka bampa la mbele linakwaruza pale tunapopandia kuingia gereji. Anashuka, anapiga shikamoo vizuri kabisa, halafu kabla sijamaliza marahaba ananiambia, "Fundi, hizi tairi ni 200, sheria mpya inaziruhusu barabarani, we nibalansie tu." Nikamuuliza sheria ya nani? Kimya. Akatoa simu anionyeshe klipu, jamaa wa Marekani anaongea kama anafukuzwa, nyuma yake gari zinazunguka saketi.

Mimi nafunga na kufungua matairi hapa Tabora mwaka wa 19 huu na vijana wa Subaru, Altezza na Mark X nawapenda, ndio wanaolipa bila kulia lia. Ila hii ya 200 nimeisikia mpaka basi, ngoja niiandike mara moja, anayekuja tena nimtumie asome akiwa amekaa kwenye benchi.

Hiyo 200 ni namba ya tredwea, yaani mpira unachukua muda gani kulika. Wanaolazimisha iandikwe ubavuni ni Wamarekani, pamoja na herufi za kushika kwenye lami yenye maji na za kuhimili joto. Namna inavyopatikana ni hivi: gari zinapangwa msafara kule San Angelo, Texas, zinazunguka njia ya maili 400 za barabara ya kawaida mpaka zitimize maili 7,200, kama kilomita 11,600 hivi, halafu wanapima mpira umelika kiasi gani ukilinganisha na tairi yao ya kupimia ambayo yenyewe inahesabiwa 100. Yako ikilika nusu ya ile, wewe ni 200. Basi, hamna kingine. Kwenye hiyo namba hakuna aliyepima kona, hakuna aliyeuliza mvua, na kokoto zetu za rafu rodi ndo kabisaa hazipo.

Na anayeiandika hiyo namba ni mwenye kiwanda mwenyewe. Asichoruhusiwa ni kujipandishia zaidi ya kile tairi ilichostahili, lakini akitaka kuandika chini yake ruksa. Sasa sikia mchezo ulivyochezwa. Klabu za mbio za ridhaa kule Marekani, SCCA mojawapo, zina madaraja ya gari za mtaani, na ili watu wasije na tairi laini za kuisha wikiendi moja wakaweka kikomo kwamba tredwea isiwe chini ya 140, baadaye wakakipandisha mpaka 200. Viwanda vikafanya nini? Vikatoa tairi kali za saketi, vikaziandika 200. Ungekuwa wewe ungeandika ngapi? Kwahiyo kanuni iliyobadilika ni ya klabu, ya watu wanaokimbizana Jumapili kwenye lami iliyofagiliwa, halafu wanarudi nyumbani na gari nyingine. Daraja linaitwa la mtaani, kijana wetu kasikia "mtaani" kadhani wanaongelea Isevya.

Ndiyo maana tairi mbili zote zimeandikwa 200 na moja ni ya kwendea kazini, nyingine ni ya kukimbizia tu. Michelin Pilot Sport 4S ni 300, Cup 2 wengi mnazijua kwa 180, Toyo R888R ni 100, sawa, hapo namba inakupa fununu. Ila ikifika kwenye hizo 200 za mashindano acha namba, angalia kashata, ile michoro ya mpira inayokanyaga chini. Tairi ya saketi utaiona mabega yake mazima, mapana, mifereji michache tu, na ikiwa mpya kabisa kina chake ni milimita 5 au 6 wakati tairi ya kawaida inaanzia karibu na 8. Yaani imeanza maisha ikiwa kama theluthi imeshaliwa.

Halafu kuna joto, na hapa ndo huwa napandisha sauti mpaka mama ntilie wa jirani anachungulia. Mpira wa hizo tairi umetengenezwa ufanye kazi ukiwa wa moto. Kwenye saketi mizunguko miwili mitatu tu ya kona na breki za nguvu tayari umewaka. Wewe unatoka Cheyo saa 12 asubuhi mwezi wa saba, kibaridi cha Tabora unakijua mwenyewe, unakwenda Nzega kwa mwendo wa 80 barabara imenyooka kama rula, hilo joto utalitoa wapi? Unafika Nzega tairi bado zimelala. Ukikanyaga breki ghafla mbuzi kakatiza unashangaa gari inasogea tu, unasema breki mbovu, unakuja kwangu nikubadilishie pedi. Pedi nzima!

Mvua ndo usiseme. Ile lami ya kwenda Nzega malori yameibonyeza sehemu nyingine, ikinyesha maji yanakaa kwenye zile njia mbili za magurudumu, sasa mfereji wa tairi ndo kazi yake kuyatoa hayo maji pembeni na wewe umefunga tairi isiyo na mifereji. Januari kuna dogo wa Impreza alielea karibu na Puge, gari ikazunguka ikaenda kupaki katikati ya mahindi ya watu, nyuma ikiwa mbele. Mwenyewe mzima, gari bampa tu, ila mwenye shamba alimhesabia mabua moja moja. Na zile tairi zilikuwa 200!

Jingine, hizi hamnunui mpya. Gari inashuka kutoka mnada wa Japani na tairi zake, mwenyewe wa kwanza alikuwa anakwenda nazo saketi, kazichosha, kaziacha humo humo. Kila tairi ya aina hiyo ikichemka sana na kupoa mpira wake unazidi kukakamaa, kashata unaziona zipo unafurahi kumbe umefunga soli ya buti la jeshi. Namba ubavuni imebaki vile vile. Mimi huwa nabonyeza ukucha begani, ukiingia kidogo na kurudi sawa, ukigonga kama umebonyeza meza, zitoe. Na ukiona bega lina kibluu bluu kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi, na punje za mpira zimejikunja ukingoni, hizo zimeshachomwa, usiniulize hata bei ya kuzibalansi.

Haya mengine nayapitia haraka.

"Tairi za saketi Ulaya wamezipiga marufuku kwa sababu zinashika mno." Hii huwa inasemwa na mtu anayeuza. Kilichokuja Ulaya ni kanuni ya kelele, Novemba 2016 ikabana tairi zote mpya zinazouzwa. Gari inapita kwa 80 imezimwa injini, maiki ya kupimia imewekwa mita 7.5 kutoka katikati ya njia, na tairi ya gari ndogo isizidi desibeli 70 mpaka 74 kutegemea na upana. Tairi za saketi zenye kibali cha barabarani zinapiga kelele kutokana na matofali yake makubwa ya mpira, kwahiyo nyingine zilichorwa upya kashata. Zile za mashindano tupu zimeachwa nje ya kanuni, lakini hizo siyo za barabarani na mara nyingi zimeandikwa hivyo hivyo ubavuni, soma! Hakuna aliyekataza kushika.

"Hii ni E4, daraja la nne, afadhali nitafute E1." Jamani. Ile namba kwenye duara ni nchi iliyotoa kibali. E1 Ujerumani, E2 Ufaransa, E4 Uholanzi, E11 Uingereza, E43 Japani. Tairi inaweza kuwa imetengenezwa Thailand na ina E4. Siyo matokeo ya kidato cha nne hayo.

Hii ya tatu ina ukweli kidogo ndani yake ndo maana inasumbua: "Uingereza tairi ikipita miaka 10 ni kosa." Ni kosa tangu tarehe 1 Februari 2021, lakini kwa magurudumu ya mbele ya malori, mabasi na makochi, na kwa vibasi vile vidogo ni kila gurudumu linalosimama peke yake bila pacha. Walifika huko baada ya ajali ya basi ya 2012, tairi la mbele lilipasuka, likakutwa lina miaka zaidi ya 19 na kashata zake nzuri tu, watu watatu wakafa. Gari yako ndogo haimo kwenye hiyo sheria. Sasa kuna wanaosikia "gari ndogo haimo" wanaruka juu kwa furaha, subiri kwanza. Haimo siyo kwamba mpira wa gari ndogo hauzeeki. Soma tarakimu 4 za mwisho za DOT, yale maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi hizo, 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014, zikiwa 3 tu hiyo ni ya kabla ya 2000, iachie watoto wa mtaani wacheze. Mimi ikipita miaka 5 naikagua kila mwaka, 10 siifungi hata uje na barua ya mwenyekiti wa mtaa, na ya saketi siipi muda huo wote. Jua letu na kupaki nje kutwa nzima nimeshavihesabu humo.

Lebo ya Ulaya nayo, ile ya rangi yenye A mpaka E iliyoanza Mei 2021, zamani ilikuwa mpaka G. Mtu anaona A ya kwenye maji anasema nimemaliza. Hiyo A ni ya breki kwenye lami iliyolowa, haikupima kona kavu, haikupima kuelea kwenye dimbwi, haikupima tairi inadumu muda gani. Na wanapima ikiwa mpya. Ni Julai 2024 ndo walianza kudai aina mpya za tairi za gari ndogo zipimwe pia kwenye maji zikiwa zimechakaa. Zako za mwaka 2017 kutoka mnadani zikiwa zimebaki milimita 2 hakuna mtu yeyote popote duniani aliyewahi kuzipima kwa sheria hiyo, kwahiyo usiniambie lebo.

La mwisho ni upepo. "Fundi nitolee upepo ziwe 24 zishike kama za saketi." Wa saketi anaanza na upepo mdogo kwa sababu anajua dakika kumi zijazo joto litaupandisha, na akitoka anapima tena zikiwa za moto, anarekebisha. Wewe ukitoka na 24 umepakia watu wanne na gunia la asali unakwenda Urambo jua la saa nane, tairi inajikunja ubavuni kila mzunguko, inachemka kwa ndani na siyo pale unapotaka. Hiyo ndo inayopasuka. Fungua mlango wa dereva, kuna stika kwenye nguzo, jaza hiyo, asubuhi kabla hujaondoka, tumemaliza.

Yule wa Altezza tulibishana mpaka adhana ya saa kumi. Mwisho nikamwambia chukua ukucha wako mwenyewe ubonyeze, akabonyeza, akakaa kimya kidogo, akabonyeza na ya nyuma. Nikamfungia 215/45R17 za kawaida, nusu kalipa nusu mwisho wa mwezi. Zile zake kazipanga kwenye buti, anasema anampelekea mjomba wake Urambo afunge kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Nikamwambia hapo sawa, mwambie tu asipige kona kwa kasi.