Wanaopita na Maswali ya Afya Lamu Wanatafuta Nini

Malalamishi yameongezeka tangu wasaili wetu waanze kupita Langoni, Shela, Faza na Mpeketoni na maswali kuhusu uelewa wa habari za afya. Mengi ni ya namna moja: mtu anaulizwa swali, anajibu, kisha msaili anamuuliza tena, "Ulipojibu hivyo ulikuwa unafikiria nini?" Baadhi ya wazee wameona ni dharau, kana kwamba hawakuaminika. Wengine wamefunga milango. Kwa niaba ya kitengo cha utafiti naomba kueleza, na sehemu ya idhini nitaikalia zaidi kwa sababu ndiyo inayotuletea simu nyingi.

Utafiti wenyewe haujaanza. Kinachofanyika sasa ni kuyajaribu maswali. Dodoso tunaloanzia lilitengenezwa Ulaya, na mwaka 2011 lilitumika katika nchi 8. Lina maswali 47, na kila swali lina majibu manne, kuanzia rahisi sana hadi ngumu sana. Kule kwao, asilimia 47 ya waliohojiwa walionekana kuwa na uelewa wenye upungufu. Nalitaja hili makusudi, maana kuna uvumi kwamba tumekuja kuwapima watu wa Lamu kwa kuwa "hawakusoma". Waholanzi, Wajerumani na Wagiriki walipimwa kabla yenu.

Tafsiri ya kwanza ilifanywa na wajuzi, ikarudishwa kwa Kiingereza na mtu mwingine asiyeliona dodoso la asili, na matini mbili zikalingana vizuri. Kwenye karatasi hapakuwa na kosa. Kisha swali likapelekwa kwa watu: "Ni rahisi kiasi gani kwako kumpata mtaalamu wa kukusaidia unapougua?" Jibu likawa, si rahisi hata kidogo, boti ya kutoka Faza hadi Amu (mji wa Lamu) yataka nauli, na ukifika kuna gharama nyingine. Ni jibu la kweli, ila la swali jingine. Katika "rahisi" mtu amesikia bei, na ana haki ya kusikia bei, kwa sababu sokoni ndiyo maana ya kwanza ya neno hilo. Yule aliyerudisha tafsiri kwa Kiingereza asingeweza kuona tatizo, maana kwake "rahisi" ni "easy" tu. Na kwa kuwa maswali yote 47 yamesimama juu ya neno hilo moja, tungemaliza kazi tukiwa tumepima mifuko ya watu na kuandika kwenye ripoti kwamba tumepima uelewa wao.

Tukajaribu "sahali", yaani jambo lisilo gumu. Wazee wa Amu na Siyu waliitikia papo hapo. Mpeketoni, penye wakazi wengi wenye asili ya bara, tuliangaliwa tu. Hivyo dodoso la Kiswahili lenyewe huenda likawa na matoleo mawili, na wanaotuandikia kwamba "tumieni Kiswahili sanifu, kila mtu amekisoma shule" watuwie radhi: usanifu wa neno haumwambii mtu umekusudia maana ipi. Kiorma, Kisomali na Kiaweer, lugha nyingine za huku Lamu, ni kazi ya peke yake. Hizo si lugha za Kibantu, na kwa Kiaweer, ambacho wasemaji wake hawana mazoea ya kukisoma, swali linarekodiwa kwa sauti badala ya kuandikwa. Ratiba ya upande wa Basuba, kwenye vijiji vya Waaweer, hatuitangazi kwa sababu za kiusalama, na tunaomba lisiulizwe.

Kuna pia adabu. Mwulize mama wa Kiamu kama kuelewa maelezo ya daktari ni sahali au kuna uzito, atakujibu "Alhamdulillahi". Msaili ana visanduku vinne mbele yake, na hakuna kinachofanana na hicho. Asiyejua pwani ataweka alama kwenye "rahisi sana" na kusonga mbele. Sasa tunauliza kwa hatua mbili: kwanza sahali au kuna uzito, kisha sana au kiasi. Imesaidia, si kwa wote.

Maswali mengine yamekufa kabisa. Kulikuwa na moja juu ya kuelewa karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi la dawa. Watu wetu wengi hawalioni boksi: dawa hutolewa katika kibahasha kilichoandikwa 1×3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Kwa hiyo swali la maana ni kama 1×3 inasomeka, na hapo ndipo tuliposikia mambo: anayemeza tatu kwa mpigo, na anayeuliza afanye nini Ramadhani, wakati mchana hauliwi kitu. (Kwa hili la pili, muulize mfamasia kabla mwezi haujaandama; dawa nyingi zina njia.) Swali lililotaja "usiku wa Ijumaa" nalo limeondolewa. Kwa Mwamu huo ni Alhamisi baada ya magharibi, kwa karani aliyetoka bara ni siku ya pili yake, na dozi iliyosahaulika ikahesabiwa siku isiyo yake.

Ndiyo sababu msaili anauliza ulifikiri nini. Ukisema "sielewi", hilo ndilo jibu tunalolitaka kuliko yote katika hatua hii. Mjukuu aliye mlangoni asijibu kwa niaba ya nyanya yake wala kumfasiria. Tumelisema mara nyingi na bado linafanyika, na mahojiano ya namna hiyo hayatumiki.

Sasa idhini. Kabla ya swali la kwanza, msaili lazima aonyeshe kitambulisho cha kazi, barua ya kitengo na nakala ya leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Chifu awe ameshaarifiwa. Fomu ya idhini inasomwa yote, kwa lugha unayoitaka. Ukikubali, unatia sahihi, au kidole gumba mbele ya shahidi asiyekuwa msaili, na nakala moja inabaki kwako. Kurekodiwa sauti kuna idhini yake ya pembeni: unaweza kukubali mahojiano na kukataa kurekodiwa. Unaweza kusimamisha katikati bila kutoa sababu, na huduma yako ya hospitali haiguswi.

Hatumtoi mtu damu. Hatupigi picha za macho; tunajua kilichotokea mwaka 2023, serikali iliposimamisha shughuli za Worldcoin, mradi uliokuwa ukipiga picha za macho ya watu kwa malipo, na tunaielewa hofu hiyo, lakini haituhusu. Hatusajili mtu SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), hatuombi namba ya M-Pesa, na hakuna "hela ya serikali" inayokuja baadaye. Anayekuomba kimojawapo si wa kwetu, na aripotiwe kwa chifu au polisi.

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti, na anayezishughulikia sharti afungwe na wajibu wa kutunza siri. Anayekiuka sheria hiyo, ikiwa hakuna adhabu nyingine iliyotajwa, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Msaili wetu hana kinga. Malalamiko yanapelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Nakala yako ya fomu ina namba juu kulia: itaje hiyo unapolalamika, kwa kuwa jina lako halimo kwenye dodoso na bila namba hatuwezi kujua ni mahojiano gani.