Je, Wajua Kwa Nini Meza ya Kukunja Haiporomoki?

Katika soko la Kibuye mjini Kisumu, mchuuzi anayehitaji kuondoa meza yake kila jioni hana budi kuwa na meza inayokunjika, na ile rahisi zaidi kujitengenezea ni ile ambayo miguu yake hupishana kama mkasi, ikashikwa na bolti moja kila upande. Bolti hiyo imewekwa makusudi ili miguu izunguke. Inakuwaje basi kwamba kifaa kilichoundwa kicheze hubeba gunia la viazi bila kutanuka na kulala chini?

Jibu limo katika pembetatu. Vipande vitatu vya mbao vikiunganishwa nchani kwa msumari mmoja mmoja, umbo lake halibadiliki hata ukilisukuma, ilhali vipande vinne vilivyounganishwa vivyo hivyo huinama upande mara moja. Katika meza yetu, pande mbili za pembetatu ni zile sehemu za miguu zilizo juu ya bolti, na upande wa tatu ni ubao wa juu wenyewe. Jozi moja ya miguu, yaani ile miwili inayoelekea upande mmoja, huungwa na ubao huo kwa bawaba, nayo jozi ya pili huwa na ufito unaoingia katika mfuo uliochongwa chini ya ubao. Uzito unapowekwa, miguu hutaka kutanuka, lakini kwa kuwa ncha zake za juu zimezuiwa zisiachane, zile za chini nazo hubaki mahali pake. Ukiuinua ubao na kuutoa ufito katika mfuo, pembetatu huvunjika, na meza hukunjika ikawa bapa.

Kwa hiyo mahali pa mfuo ndipo panapoamua kimo cha meza, na ni vyema kupiga hesabu kabla ya kushika msumeno. Miguu ya sentimita 90 yenye bolti katikati, ambayo nyayo zake zimeachana kwa sentimita 50, hutoa, kwa kanuni ya Pythagoras, kimo cha karibu sentimita 75 kabla ya kuongeza unene wa ubao, kimo kinachofaa kwa kulia chakula. Nyayo zikiachana kwa sentimita 60, kimo hushuka hadi takriban sentimita 67. Wengi hudhani kwamba tundu la bolti lazima liwe katikati kabisa ya mguu, lakini sharti la kweli ni kwamba, miguu ikiwa na urefu sawa, tundu liwe umbali uleule kutoka juu katika kila mguu, la sivyo ubao utainama. Mimi hupendelea kulipandisha kidogo, kwa sababu nyayo hutanuka kuliko ncha za juu, na mtu akiegemea ukingo wa meza haipinduki kwa urahisi.

Pembetatu hiyo, hata hivyo, huzuia mwendo wa upande mmoja tu. Meza ikisukumwa kwa urefu wake, miguu na ubao hurudi kuwa umbo la pande nne, na ndiyo maana meza nyingi za kukunja huyumba. Ubao mpana wa kukingama kati ya miguu miwili ya jozi moja, uliotiwa gundi na skurubu mbili kila mwisho, hupunguza sana tatizo hilo.

Sababu nyingine ya kuyumba ni tundu pana. Bolti ya milimita 8 ikiwekwa katika tundu la milimita 10, kwenye mbao yenye unene wa milimita 25, mguu usiobanwa na washa (kile kisahani cha chuma chenye tundu kinachovishwa bolti) unaweza kuinama hadi milimita 36 katika umbali wa sentimita 45 kutoka kwenye bolti. Tundu na litobolewe kwa kipimo cha bolti yenyewe. Mfuo, kinyume chake, uachiwe nafasi ndogo, kwa sababu mbao, hasa ile ya saipresi iliyouzwa kabla ya kukauka vizuri, hubadilika upana kulingana na unyevu, ingawa urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana.

Mwishowe, kila bolti ifungwe kwa nati mbili zinazobanana, kwani nati moja hulegea polepole kila meza inapokunjwa na kukunjuliwa.