Je, wajua kwa nini blanketi la kroshia lenye matundu huhifadhi joto?

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, baridi ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania haina mjadala. Kwenye uwanda wa Kitulo, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kuna asubuhi ambazo majani huamkia yamefunikwa na sakitu. Njombe na Makete watu hutembea na majaketi mchana. Ndiyo majira ambayo masalio ya nyuzi za sweta za shule, ya bluu, ya kijani na ya damu ya mzee, hutolewa kapuni na kufumwa mraba kwa mraba mpaka yakatosha blanketi. Kazi ikiisha, ukiliinua mbele ya dirisha mwanga unapenya kila mahali. Kidole kinapita. Kitu chenye matundu mengi namna hiyo kinawezaje kumfunika mtu usiku wa Makete na akalala vizuri?

Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na matundu yenyewe, pamoja na vijitundu vingine vidogo zaidi vilivyomo ndani ya uzi. Lakini jibu hilo halikai kichwani mpaka imani moja iondolewe kwanza, nayo ni imani kwamba blanketi huleta joto.

Imani hii imekaa sana. Wengi wetu tunaona sufu kama kitu chenye joto lake, na blanketi zito kama kitu chenye joto jingi zaidi. Lakini weka kipimajoto ndani ya blanketi lililokunjwa kabatini, uliache humo usiku kucha, kisha usome. Kitaonyesha nyuzijoto zilezile za kabati. Blanketi halina moto ndani yake, halichomi chochote, halipokei umeme. Mwenye moto ni aliyelala. Mtu mzima akiwa usingizini, mwili wake hutoa joto la kama wati 70 au 80 saa zote, kutokana na chakula alichokula. Joto hilo hutoka kwenye ngozi kwenda kwenye chumba chenye baridi, na linalobadilika unapojifunika ni kasi ya kutoka tu.

Namna nzuri ya kuliona hili ni kugeuza jaribio. Chukua vipande viwili vya barafu vinavyolingana, kimoja ukiache wazi mezani, cha pili ukitie kwenye mfuko wa plastiki kisha ukifunge vizuri ndani ya blanketi. Kama blanketi lingekuwa linaleta joto, kile cha ndani kingeyeyuka haraka. Kinachotokea ni kinyume chake: cha mezani huwa maji kwanza, na cha ndani ya blanketi hubaki kigumu kwa muda mrefu. Blanketi lilelile linalozuia joto lako lisitoke huzuia joto la chumba lisiingie kwenye barafu. Halijui upande wa ndani wala wa nje.

Kuna watu waliofanya biashara kubwa kwa kanuni hiyo. Mwaka 1833, Mmarekani aliyeitwa Frederic Tudor alipakia melini barafu iliyokatwa ziwani huko Marekani, karibu tani 180, ikaondoka Boston kwenda Calcutta, India. Safari ilichukua takriban miezi minne na kuvuka ukanda wa joto, na bado karibu tani 100 zilifika zikiwa barafu. Tudor alijulikana kwa kuhifadhi barafu yake ndani ya maranda ya mbao, kitu ambacho viwanda vya mbao vya Mafinga, jirani na msitu wa Sao Hill, hukitoa kwa malundo. Maranda na blanketi la kroshia hufanana katika jambo moja tu, na ndilo linalohitajika: vyote viwili vimejaa hewa isiyoweza kusogea.

Hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayostahili kuelezwa taratibu. Fikiria joto kama magunia ya viazi yanayotakiwa kutoka shambani Isongole, mlimani, mpaka barabarani chini. Yanaweza kuteremka kwa njia tatu. Ya kwanza, watu wanapangwa bega kwa bega kutoka shambani hadi barabarani, na kila mmoja anampokeza gunia aliye kando yake. Magunia yanakwenda haraka mno. Hivyo ndivyo joto linavyopita kwenye chuma, na ndiyo sababu jembe lililolala nje linauma mkono asubuhi: joto la kiganja linapokewa na kupitishwa papo hapo. Njia ya pili, watu ni wachache na wametawanyika mlima mzima. Aliye juu lazima atembee na gunia mpaka amfikie wa pili, naye atembee kumfuata wa tatu. Magunia yatafika, ila kwa taabu. Hiyo ni hewa iliyotulia, ambayo chembe zake ziko mbali moja na nyingine. Chuma cha kawaida hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa ya namna hiyo, na hata maji huipita kwa zaidi ya mara 20.

Njia ya tatu ni lori. Lori likipata nafasi ya kufika shambani, kupakia, kugeuza na kuondoka, uchache wa wabebaji haujalishi tena. Mzigo wote unashuka kwa mkupuo. Lori hapa ni hewa inayotembea. Hewa iliyogusa ngozi hupata joto, huwa nyepesi, hupanda na kuondoka na joto lake, na hewa baridi huja kupakia zamu yake. Kwa hiyo hewa ni kizuizi bora cha joto ikitulia na mwizi mkubwa wa joto ikitembea. Kazi ya blanketi, kwa ufupi kabisa, ni kuwanyima malori mahali pa kugeuzia. Kila tundu dogo la kroshia, lililozungukwa na uzi wenye manyoya, ni uwanja mwembamba ambao lori haliwezi kuingia na kugeuka, kwa hiyo magunia yanabaki kupokezwa na wale wachache waliotawanyika mlimani.

Ndiyo maana uzito si kipimo kizuri. Nyuzi zenyewe, ukizikandamiza hewa yote ikatoka, hupitisha joto mara kadhaa kuliko hewa iliyotulia. Blanketi lililofumwa kwa mkono wa kukaza sana hula uzi mwingi, huwa zito, na linaweza kuwa jembamba kuliko lililofumwa kwa ulegevu kwa uzi uleule. Kinachofaa kupimwa ni unene, yaani urefu wa hewa iliyonaswa kati ya ngozi na chumba. Kwa mwenye masalio machache hii ni habari njema kabisa: kroshia ya kulegea kidogo, kwa sindano kubwa kuliko uliyozoea, hutoa blanketi nene zaidi kutoka kwenye kapu lilelile.

Jeshi la Norway lililijua hili. Mwaka 1933, afisa wa huko, Henrik Brun, alitengeneza fulana ya ndani kwa nyavu za kuvulia samaki. Ni matundu karibu matupu, na ilivaliwa kwenye theluji. Siri yake ilikuwa kwamba haikuvaliwa peke yake. Juu yake palikuwa na nguo nyingine iliyofumwa kwa kubana, na hewa ya kwenye matundu ikanaswa katikati.

Hapo ndipo pana masharti ya kutaja, kwa sababu matundu hayasaidii kila mahali. Sharti la kwanza ni ukubwa. Tundu likianza kuzidi sentimita moja au mbili kwa upana, hewa iliyomo hupata nafasi ya kujizungusha, na faida hupungua. Michoro ile mizuri ya maua yenye uwazi mkubwa katikati inapendeza kwenye kochi, lakini kwa kulalia kwenye milima ya Uporoto mwezi wa saba nisingeitegemea. Sharti la pili ni upepo. Kwenye nyumba ambayo upepo hupenya kati ya ukuta na bati, blanketi la kroshia likiwa peke yake juu hufagiliwa hewa yake yote. Dawa ni rahisi: tandaza juu yake shuka au kitenge, kitambaa chochote chembamba kilichofumwa kwa kubana. Chenyewe hakina unene wa kuhifadhi joto jingi, ila kinazuia upepo, na hewa ya kwenye matundu hubaki ilipo. Wengi hupanga kinyume, shuka chini na kroshia juu ili rangi zionekane. Mchana sawa. Usiku ubadilishe.

Rangi nazo zina imani yake. Kwa kuwa nguo nyeusi hupata moto juani, inadhaniwa kwamba miraba myeusi na ya bluu iliyokoza itatia joto zaidi na hivyo iwekwe katikati, penye mwili. Juani ni kweli, maana mwanga wa jua unaoonekana hunywewa na rangi iliyokoza. Gizani kitandani hakuna jua. Mionzi inayotoka kwenye mwili wa mtu ni ya aina ambayo macho hayaioni, na kwa mionzi hiyo uzi mweupe, mwekundu na mweusi huwa karibu sawa kabisa. Panga rangi unavyopenda.

Kinachostahili kuangaliwa ni aina ya uzi, hasa pale masalio yanapotoka kwenye sweta za mitumba zilizofumuliwa, ambazo hazina lebo. Tofauti kubwa iko kwenye unyevu. Usiku mzima mwili hutoa mvuke, na maji yakichukua nafasi ya hewa kwenye uzi, ule uzuiaji wa joto hupotea. Sufu inaweza kunywa unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake bila kuonekana imelowa. Akriliki, uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, hunywa kidogo sana, ndiyo maana hukauka upesi, jambo lenye thamani Tukuyu ambako mvua haikawii. Pamba hunywa, hulowa chapachapa na hukauka polepole. Ukitaka kujua ulicho nacho, kata kipande kifupi cha uzi, kishike kwa koleo juu ya sahani, ukiwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua na huelekea kujizima. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, na kidonge hicho kikiwa bado cha moto hung'ang'ania ngozi. Kwa hiyo blanketi la akriliki lisisogezwe karibu na jiko la mkaa. Aina hizi zikichanganywa ovyo kwenye mraba mmoja kuna tatizo jingine: maji ya moto na kusuguliwa hushikamanisha sufu na kuifanya isinyae, akriliki na pamba hazifuati, na mraba hupinda. Fua kwa maji baridi bila kusugua, au miraba ya sufu ikae pamoja.

Limebaki swali la wapi pa kuweka nyuzi za mwisho, zile ambazo hazitoshi mraba mzima. Wengi huongeza katikati, wakidhani ndipo penye baridi. Lakini blanketi likiwa pana sawa na kitanda, kila unapogeuka pembeni hufunguka, na hewa uliyoipasha kwa saa nzima hutoka kwa mara moja. Tena sehemu unayoilalia hukandamizwa na uzito wako, hewa yake hubanwa nje, na kazi ya huko hubaki kwa godoro. Kwa kitanda cha futi nne kwa sita, blanketi la futi sita kwa upana huacha futi moja ya kuning'inia kila upande. Masalio ya mwisho yafumwe kuzunguka pembe zote, safu kwa safu, rangi yoyote iliyobaki kapuni.