Bonde sio lazima liwe karibu na usawa wa bahari

Jamani hili neno bonde watu wanalitumia vibaya sana, wanadhani ni ardhi yoyote ya chini, yaani iliyo karibu na usawa wa bahari, hapana. Bonde ni chini ukilinganisha na kingo zake tu. Ona Ziwa Naivasha, liko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa kabisa lakini ni kama mita 1,880 juu ya bahari, yaani limeipita hata katikati ya Nairobi! Na uwanda nao ni ardhi tambarare tu, iwe juu iwe chini, ndo maana kuna Nyanda za Juu. Mvua ikinyesha angalia maji: uwandani yanatandaa, bondeni yanateremka toka pande zote yanakutana.