Sio lazima urudie digrii ili uwe mwalimu

Hii ya kwamba ukisoma BSc ya kawaida, yaani digrii ya sayansi isiyo ya ualimu, halafu ukataka kufundisha sekondari basi lazima uombe chuo upya, digrii ya pili, miaka mitatu mingine, imezunguka sana mtaani na watu wanaiamini kabisa. Sio kweli. Kwa hapa Tanzania kuna stashahada ya uzamili ya elimu, wengi wanaiita PGDE, inachukua kama mwaka mmoja hivi, Chuo Kikuu Huria wanayo na hata UDSM. Humo unasoma saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia, na unapelekwa shule ukasimame na chaki mbele ya kidato cha pili huku msimamizi kakaa nyuma anakuandikia maksi.

Ila angalia transkripti yako kwanza, maana hapo ndo wengi wanakwama. Digrii iwe na masomo yanayofundishwa shuleni, mfano kemia na baiolojia. Kenya nao wanaikubali PGDE, ila TSC, tume yao inayoajiri walimu, wanarudi mpaka KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, wanataka C+ ya jumla na C+ kwenye masomo mawili utakayofundisha.