Shufflebottom: jina la bonde, si la makalio

Anayejua Kiingereza cha leo akikutana na mtu wa ukoo wa Shufflebottom hucheka kwanza. Kwani "bottom" si makalio? Ni makalio, ila si hapa. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilitaja sakafu ya bonde. Ramsbottom, mji wa Uingereza ulio karibu na mji wa Bury, unalo hadi leo. Na "shuffle" haihusu kuburuta miguu: ni matamshi yaliyopindapinda ya maneno ya kale yenye maana ya mahali pa kuoshea kondoo, maana waliogeshwa kijitoni kabla ya kukatwa manyoya. Wenyeji wa bonde lenye mahali hapo, katika jimbo la Lancashire, wakaitwa kwa jina lake. Ukoo ni adimu, na hupatikana zaidi kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Wengine, pengine kwa kuchoka kuchekwa, hujiandika Shoebotham.